Mawe Tisa Nyuma ya Kinyozi

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu wa jukwaa la ujenzi, umekalishwa juu ya matofali na kuegemezwa kwenye ukuta wa kinyozi, na mtu akitaka kujua mji unasemaje alikuja kukaa hapo, akaagiza kahawa, akanyamaza asikilize. Mwenye ukuta alikuwa Wembe, kinyozi, aliyetoka nje kila alipomaliza kichwa kimoja na kabla hajaanza kingine. Ng'ambo ya njia kulikuwa na kibanda cha Antena, fundi redio, ambaye muda mwingi alikuwa benchini kuliko kibandani. Birika lilikuwa la Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa yeyote pale lakini aliwagombeza wote kama aliyewalea. Na mwisho wa benchi, upande wa kivuli, alikaa mzee Timazi, mwashi mstaafu. Jina hilo alipewa na vibarua zamani, kwa sababu ya ile kamba yenye uzito wa chuma ambayo waashi huning'iniza kupimia kama ukuta umesimama wima. Walisema hata maneno yake huyaning'iniza kwanza kabla ya kuyatoa.

Juma lile palikuwa na jambo moja tu la kuzungumza. Nyuma ya duka la Wembe kulikuwa na kiwanja cha zahanati, na zahanati ilikuwa inaongezewa wodi ya wazazi. Vibarua walianza kuchimba msingi Jumatatu. Jumanne sururu ikagonga jiwe, ikagonga la pili, na walipofukua taratibu yakatokeza mawe tisa yaliyopangwa duara, na katikati yake jiwe bapa, limelala kama mfuniko. Msimamizi akasimamisha kazi. Alhamisi akaja mwanamke mmoja wa idara ya mambo ya kale, bado kijana, ana kofia pana na begi limejaa brashi za kila saizi. Akazungusha utepe mwekundu, akapiga magoti, akaanza kupangusa. Kufika Ijumaa benchi lilikuwa limeshampa jina: Dada Brashi.

— Mtu na elimu yake, alisema Wembe akikung'uta nywele kwenye aproni, — amepiga magoti tangu asubuhi anaogesha jiwe. Mimi sijazaliwa jana.

— Umeona lakini anavyoufanya udongo? akauliza Shangazi. — Anauchekecha. Kwenye chekeche kabisa, kama unga. Nani anachekecha udongo kama hatafuti kitu kidogo chenye thamani kubwa?

— Dhahabu, alisema Wembe.

— Dhahabu wapi, akadakia Antena. — Nyinyi mawazo yenu yanaishia mfukoni. Mimi nimekwenda pale nikaangalia kwa utulivu. Mawe tisa, duara, jiwe bapa katikati. Nafungua redio kila siku, mpangilio wa kunasa mawimbi nikiuona naujua. Watu wa kale walikuwa wanapokea mawasiliano pale.

— Kutoka kwa nani?

— Hapo sasa. Kutoka kwa nani.

Wakanywa kidogo wakilitafakari swali hilo, kila mmoja akijifanya ana jibu ila hataki kulitoa.

— Kuna kichwa nimekinyoa jana, Wembe akaendelea, sauti chini. Wateja wake hakuwataja kwa majina, aliwataja kwa vichwa. — Kichwa cha manispaa. Kinasema yule dada ameandika kwenye makaratasi yake kwamba pale ni mahali pa ibada. Patakatifu. Sasa jiulizeni. Mimi niko hapa mwaka wa kumi na tisa. Patakatifu gani nyuma ya duka langu, na mimi nisijue?

— Hiyo danganya toto, alisema Antena. — Wakitaka kukutoa kwenye ardhi, kwanza wanakwambia ni patakatifu. Wewe unavua viatu kwa heshima, wao wanaondoka navyo.

— Na mzee mbona uko kimya? Shangazi akamgeukia Timazi. — Nusu ya nyumba za huku umezijenga wewe. Yale mawe unayaonaje?

Timazi alikipuliza kikombe chake, ingawa kahawa ilikuwa imeshapoa.

— Mawe ni mawe, alisema.

Hakuna aliyejua kwamba tangu Jumanne mzee yule alikuwa hali chakula kikashuka. Mawe yale alikuwa ameyapanga yeye.

Ilikuwa miaka arobaini na moja nyuma, kabla ya zahanati, kabla ya duka la Wembe, kabla ya njia yenyewe. Yeye na mkewe walikuwa wageni mjini, hawana ndugu, wamepanga chumba kimoja, naye ndiyo kwanza anajifunza uashi. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kabla ya siku zake akaishi siku sita. Hata jina walikuwa hawajampa. Mwenye nyumba akawaambia hataki msiba kwake. Makaburini wakaambiwa walete barua ya mtu anayewafahamu, na hapakuwa na mtu anayewafahamu. Basi asubuhi mapema wakamfunga mtoto ndani ya shuka, wakatoka nje ya mji, wakaingia porini, wakatembea. Pale waliposimama, Timazi akachimba. Akaokota mawe tisa. Akatafuta jiwe bapa, akalichonga kingo kwa tindo, akaliweka juu, akalipima kwa pima maji na kulisogeza na kulipima tena mpaka likalala sawasawa, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa mwanawe ila kazi nzuri. Mkewe alikuwa ametia ndani kikombe chake mwenyewe cha bati, chenye ua la buluu. Halafu wakarudi, na saa mbili Timazi alikuwa kazini.

Tangu siku hiyo hawakuwahi kulizungumza. Watoto wanne waliofuata hawakuambiwa. Mji ulipotanuka ukafika hadi pale, mawe yakafunikwa na kifusi cha zahanati, na Timazi alipostaafu akaja kukaa kwenye benchi hili, ingawa kulikuwa na mabenchi mengine karibu na kwake. Aliposikia habari ya wodi aliuliza kwa ujanja, akaambiwa itajengwa upande wa barabara, akatulia. Hakujua kwamba ramani ilibadilishwa.

Jumamosi Dada Brashi alikuja benchini mwenyewe, magoti yote udongo mtupu.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakajibu, na mazungumzo yakafa hapo hapo kama redio iliyochomolewa waya.

Akaagiza kahawa. Shangazi akammiminia huku akimtazama vidole, aone kama kuna kitu kinang'aa kwenye kucha.

— Dada, samahani, alianza Antena. — Hicho unachokitafuta, ukikipata kinakwenda wapi?

— Inategemea ni nini.

— Aa. Inategemea.

Antena akawageukia wenzake kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Dada Brashi akatabasamu kidogo, akakaa kwenye ncha ya ubao.

— Mnadhani natafuta dhahabu. Kila ninapokwenda wanadhani hivyo. Mimi nasoma mahali ambapo watu waliweka heshima zao. Kuna nchi ambako kila anayepita mahali fulani anaongeza jiwe juu ya rundo, na ukimwuliza kwa nini, anakwambia ndivyo wapitao wanavyofanya. Kwingine wanafunga vitambaa kwenye mti kando ya chemchemi. Kuna walikozika watoto wachanga ndani ya vyungu, chini ya sakafu ya nyumba wanayolala, wasiwe mbali na mama zao.

Timazi akakishusha kikombe chake.

— Na hapa kwetu? akauliza Wembe.

— Hapa bado sina la kusema. Ila lile jiwe bapa linanisumbua. Limechongwa kwa chuma, alama za tindo zinaonekana. Na nimeweka pima maji juu yake, liko sawa kabisa. Vilivyo chini yake havifanani nalo hata kidogo.

— Vilivyo chini yake, akarudia Antena. — Ni vipi?

— Hilo sitalisema leo. Jumatatu tutalinyanyua jiwe, tutaona.

Akamaliza kahawa, akashukuru, akarudi kwenye utepe wake.

— Pima maji, alisema Wembe taratibu.

— Na tindo, akasema Antena.

Hakuna aliyemtazama Timazi, na jinsi walivyojitahidi kutomtazama ilikuwa mbaya kuliko kumkodolea macho.

— Mimi simtaji mtu, alisema Wembe. — Lakini kuna mtu hapa kila jioni tangu Alhamisi anakwenda kusimama kwenye ule utepe. Namwona kwenye kioo changu cha dukani. Anasimama, anavua kofia, anaivaa, anaondoka.

— Na kwake ni mbali, akaongeza Antena. — Dakika arobaini kwa miguu. Njiani anapita mabenchi matatu yenye kahawa. Nimewahi kujiuliza.

— Mnasema nini? akauliza Timazi.

— Hatusemi mzee, tunauliza. Si kulikuwa na yule tajiri wa kinu cha mafuta, aliyeondoka ghafla zamani? Vyombo vyake vya fedha vikapotea vyote, hadi leo. Kichwa kimoja kiliniambia ukuta wa ghala lake ulijengwa na waashi wanne.

— Achana na vyombo, Antena akamkatiza. — Mambo ni mazito kuliko vyombo. Mahali pa namna ile huwa pana mlinzi. Baba anamwachia mwana, na mlinzi mwenyewe ukimtazama ni mtu wa kawaida kabisa, ana fimbo na kofia. Jamani, sisi tunajua mzee ametokea wapi? Watu wake tumewahi kuwaona?

— Antena, una homa wewe, alisema Shangazi. Lakini naye akasogea, akainama mbele ya Timazi, birika mkononi. — Mzee, nimekumiminia kahawa miaka saba. Niambie tu kwamba hukuficha kitu pale, mimi yataniishia.

Timazi alimtazama. Katika maisha yake alikuwa amenyamazia mambo mengi, lakini uongo wa mdomoni hakuuweza. Akaweka kikombe juu ya ubao, kahawa ikiwa nusu, akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga. Nyuma yake alisikia sauti ya Wembe:

— Mmeona wenyewe.

Jumapili baada ya chakula cha mchana alimkuta mkewe sebuleni, kwenye kiti cha karibu na dirisha, anashona vifungo vya mashati ya wajukuu. Timazi akakaa mbele yake. Akapitisha kiganja juu ya meza kana kwamba kuna vumbi.

— Wanafukua kule, alisema.

Mkewe hakuuliza ni kule wapi. Sindano ikasimama katikati ya kitambaa.

— Tangu lini?

— Jumanne.

— Na umenyamaza siku zote hizi?

— Tumenyamaza miaka arobaini na moja.

— Ulinyamaza wewe. Mimi nilikuwa nangoja useme.

Mkewe akavuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno.

— Wameshakifikia kikombe?

— Bado. Kesho ndiyo wanalinyanyua jiwe.

— Hapana. Jiwe lile halinyanyui mtu kabla hajaambiwa limemfunika nani.

— Hatukuwa na kibali, mama. Wanaweza kutupeleka mbele ya sheria. Na pale benchini nimeshakuwa mwizi wa vyombo vya fedha. Kama si mwizi, ni mlinzi wa mizimu.

— Wewe? Mizimu ikupe wewe kazi ya kulinda, unayesinzia ukisikiliza taarifa ya habari?

Ilikuwa mara ya kwanza Timazi kucheka tangu Jumanne, na kicheko hakikufika mbali, akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mkewe akaweka shati chini. Akamngoja mpaka akamaliza.

— Kesho twende wote, alisema.

— Utakuja kukaa benchini?

— Kwani ubao wenyewe unauma?

Asubuhi ya Jumatatu benchi lilikuwa limejaa mapema, maana habari ya kunyanyuliwa jiwe ilikuwa imeenea. Wembe alikuwa amemwacha mteja ndani na kichwa nusu. Walipomwona Timazi anakuja na mwanamke mzee aliyevaa gauni la kutokea na kushika mkoba mbele kwa mikono miwili, wakasogea wenyewe bila kuambiwa. Kwa miaka yote ile hawakuwahi kumwona mkewe.

— Huyu ni mama watoto, alisema Timazi. — Shangazi, naomba umwite yule dada. Nitasema mara moja tu, sitaweza mara mbili.

Dada Brashi akaja, daftari mkononi. Na Timazi, akiwa amesimama, akasema. Alisema siku sita. Alisema mwenye nyumba, na barua ya makaburini, na shuka. Alipofika kwenye jiwe sauti ilimtoka ndogo, ikawa inabidi waiegemee.

— Nililipima kwa sababu sikutaka alale upande, alisema. — Ndiyo maana liko sawa. Hakuna ibada. Ni mtoto wetu.

— Na kuna kikombe, akasema mkewe. — Cha bati. Kina ua la buluu. Msije mkadhani ni cha kale.

Antena alikuwa anatazama viatu vyake. Wembe alivua aproni polepole akaikunja, akaikunja tena, hadi ikawa kama kitabu.

— Mzee, alisema. — Maji yangu ya kunyolea. Miaka yote hii nayamwaga pale nyuma.

— Hukujua.

— Na nikakuita mwizi.

— Hilo ulijua, alisema mkewe Timazi, bila ukali. Wembe akaitikia kwa kichwa, akalimeza.

Dada Brashi alikuwa amelifunga daftari zamani. Akachuchumaa mbele ya wazee wale, akaweka mikono yake yenye udongo juu ya magoti yake.

— Mimi si polisi, alisema. — Kwenye karatasi nitaandika kwamba jiwe lile ni la familia na halinyanyuliwi. Basi. Lakini kuna jambo nililowaficha, na sasa ni haki yenu kulijua. Nilikuwa nawaogopa watu wa hapa. Nilijua nikilisema, watakuja na majembe kutafuta mali. Mlikuwa mnanishuku, na mimi nilikuwa nawashuku nyinyi. Chini ya jiwe lenu, kina cha mkono mzima, vibarua walikata ukuta wa mtaro wa msingi wakapita kwenye makaburi mengine. Ni madogo. Wote ni wachanga, nimeshapata sita. Na kila mmoja ana chungu kidogo kando yake, cha kuenea kiganjani.

— Wa lini? aliuliza Shangazi, na sauti yake haikuwa ile ya kila siku.

— Tunapima bado. Karne, mama. Si wote wa wakati mmoja. Walikuja watu, wakaacha, wakaja wengine. Ndiyo maana tangu Jumamosi wodi imeshasogezwa kule barabarani. Hapa hapajengwi.

Mkewe Timazi akaomba kupaona. Wakaenda wote, benchi zima, na mteja wa Wembe nyuma yao na shuka la kinyozi shingoni. Dada Brashi akauinua utepe, wazee wakapita chini yake. Mawe tisa yalikuwa yamepanguswa yakatakata. Mkewe Timazi akainama, akagusa jiwe bapa kwa vidole vinne, kama mtu anayepima homa, akakaa hivyo. Timazi alisimama nyuma yake ameshika mkoba wake. Upande wa barabara vibarua walikuwa wamekwisha anza kuchimba msingi mpya, na mmoja wao alipoona watu wamevua kofia akawaashiria wenzake, sururu zikanyamaza.

Baada ya muda Dada Brashi akasogea karibu.

— Naomba niwaulize jambo moja, na si la kuandika. Siku ile hapa palikuwa pori tupu, kila upande. Wale wa chini walikuwa wameshafunikwa kitambo, juu ya ardhi hapakuwa na alama yoyote, hilo nimelihakikisha. Pori lote lile. Kwa nini hapa?

— Mimi nilimfuata mama, alisema Timazi. — Yeye ndiye aliyembeba mtoto, alikuwa mbele. Aliposimama, nikachimba.

Mkewe akageuka, mkono wake bado uko juu ya jiwe.

— Mbele nani? Mbele ulikuwa wewe na jembe lako. Mimi nilisimama kwa sababu wewe umesimama.

— Mimi sikusimama.

— Ulisimama.

— Nilikuwa nyuma yako. Nakumbuka kisigino chako kilikuwa na matope.

— Na mimi nakumbuka mgongo wako.

Wakatazamana. Dada Brashi akawatazama wao, kisha akawatazama Wembe na Antena na Shangazi waliosimama nje ya utepe, akingoja kama kuna mwenye neno.